Jina Nusu Nililowapa Wanafunzi wa Chuo

Nilimficha dada yangu nyuma ya jina lake mwenyewe, na nikajiona mwerevu. Nilifanya ujinga mwingi wakati wa vita, lakini huu nauandika wa kwanza, kabla mtu mwingine wa Butembo hajauandika, maana wapo wanaoujua na hawana breki mdomoni.

Ilikuwa katika vita ya pili ya nchi yetu, wakati waasi walikuwa ndio serikali, na serikali hiyo ikigawanyika kila mara hata hatukujua tena ni nani wa kumpigia saluti. Mimi nilikuwa na diploma yangu ya sekondari ndani ya kabati, chini ya mashuka, imelala vizuri kuliko mwenyewe. Nilikuwa pia na cherehani ya mama barazani. Nilishona bluu-nyeupe, sare za wanafunzi, shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Dunia yangu ilianzia kwenye cherehani na kuishia kwenye choo nyuma ya nyumba. Jumapili niliirefusha hadi kanisani, na huko nako nilikaa benchi la mwisho ili nitoke wa kwanza. Majirani walisema nina akili ya kujilinda. Mimi sikuwaambia kwamba hata kabla ya vita sikupenda kutoka. Vita ilinipa tu sababu yenye heshima.

Mama alichuuza samaki wa Kyavinyonge. Njia ikifungwa alibaki kule ziwani mpaka ifunguliwe, na nyumba ikabaki mikononi mwangu, yaani mikononi mwa dada yangu. Yeye alikuwa amekulia Beni kwa mama mdogo, katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori, akisoma biolojia na kemia. Beni ilipochafuka alirudishwa kwetu juu ya lori la kakao, ananuka kakao mpaka kwenye nywele, bila buletini hata moja, zile ripoti za alama za shule. Shule ya mtaani kwetu ilimpokea kwa maneno tu, ikamkalisha darasa la tano la sekondari. Kitu kimoja alikitaka: kusomea kilimo. Alikuwa ameona kule Oicha matunda ya kakao yanavyogeuka meusi mtini na wenye shamba wanavyosema ni uchawi. Alitaka kujua ni nini. Alisema hivyo asubuhi, akasema tena mchana, akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

Siku moja baada ya mvua nikiwa natia uzi kwenye sindano, wakasimama mbele ya baraza watu wawili. Mmoja msichana, mwenye mabuti ya mpira na daftari kubwa. Mwingine kijana mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi pembeni.

"Wabukire, yaya fundi," msichana akanisalimia; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Wabukire."

"Tuko banafunzi ba chuo. Hapa muko na mutoto wa cinquième ao wa sixième?"

Wewe unayesoma leo unaweza kuona ni swali la kawaida. Kwetu sisi halikuwa la kawaida. Katika vita ya kwanza walikuja watu wa kuandikisha askari shuleni kwetu wakiuliza karibu maneno hayohayo, nao walikuwa wenye tabasamu na nyimbo. Vijana wakapanda lori. Jirani yangu wa benchi, aliyenakili hesabu zangu pamoja na makosa yangu yote, alipanda pia, na mpaka leo sijasikia habari yake. Tangu hapo mtu akiniuliza umri wa mtoto wa nyumba, natazama kwanza kama kuna lori nyuma yake.

"Mutoto gani?" nikauliza.

Wakaeleza. Chuo cha mjini kwetu kilikuwa kimeanzisha kitu walichokiita masomo ya kutangulia. Mwanafunzi wa darasa la tano au la sita la sekondari anakuja chuoni mchana, anafuata masomo ya mwaka wa kwanza, na akipata diploma yake ya sekondari, yale aliyofaulu yanahesabiwa. Katika nchi ambayo vita inakula miaka ya watoto, ilikuwa njia ya kurudisha mwaka mmoja uliokwisha kuliwa. Lakini mlango ulifunguliwa kwa shule za wakubwa tu, zile ambazo wafanyabiashara wanapeleka watoto wao. Wanafunzi wa chuo wenyewe waliona ni haya. Wakaamua kupita mitaani, kukusanya majina ya watoto wanaotaka kusoma, kusudi wakubwa wa chuo wasiseme tena kwamba watoto wa mitaa hawataki.

"Nani amewatuma?" nikauliza.

"Hapana mutu," akajibu yule mrefu. "Ni siye benyewe."

Angenijibu kwamba ametumwa na padri, na gavana, hata na komanda, ningejua pa kumweka. Mtu anayejituma mwenyewe wakati wa vita! Nikamwangalia msichana mabuti yake. Butembo nzima ilivaa mabuti ya mpira, maana matope yetu hayana huruma, lakini mimi siku ile niliona mabuti ya watu wa msituni. Nikaangalia miwani: nani anafunga miwani kwa uzi kama si mtu anayelala porini? Nikaangalia daftari, nikaliona jembamba mno kwa watu wa chuo. Kama lingekuwa nene ningelishuku kwa unene.

Sasa, sikuthubutu kusema hakuna mtoto. Sketi yake ilikuwa imeanikwa pale kwenye kamba. Ndipo nikatumia akili yangu kubwa.

Kwetu Wanande, jina la kwanza hulitafuti, unalikuta limekungojea kufuatana na zamu yako ya kuzaliwa. Binti wa pili wa nyumba hii na binti wa pili wa nyumba ile wana jina moja, na ukiita hilo jina sokoni, wauzaji wa nyanya wanageuka na wauzaji wa vitunguu pia. Anayemtafuta mtu hasa anahitaji jina la ubatizo, jina la ukoo, na jina la baba. Nikawapa jina la zamu, peke yake, kama unavyompa mtu ganda bila ndizi.

"Na lingine?" msichana akauliza, kalamu juu.

"Ni hilo tu."

Akatabasamu. "Yaya, hilo hata mi niko nalo."

"Basi mumefanana."

"Anasoma ya ngapi?"

"Troisième," nikasema. Niliona mtoto wa darasa la tatu ni mdogo mno, hata kwa lori.

Akaandika. Mwenzake akaniuliza mimi nimesoma wapi, kwa nini siendi chuo, na nikasikia swali hilo kama kidole kinachonichunguza mbavuni. Walipoondoka niliwafuata kwa macho, nikawaona wanaingia kwa mama jirani anayepika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naye akaongea nao sana, mikono hewani. Nikasema moyoni, yule mama mdomo wake utatumaliza.

Jioni dada yangu alirudi mbio. Habari alikuwa ameipata shuleni.

"Yaya, banafunzi ba chuo balipita hapa?"

"Batu wengi wanapita hapa. Ni barabara."

"Ulitoa jina yangu?"

"Nilitoa."

Akanikumbatia shingo pamoja na mita ya kupimia. Nikaendelea kushona, nikanyoosha mguu wangu kwenye kanyagio kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Sikusema uongo, jina lake lilikuwa limetoka. Nusu.

Baada ya majuma machache wakubwa wa chuo walikubali kuwasikiliza wanafunzi wao, mbele ya wazazi na watoto, katika salle, ukumbi wa parokia. Mama alikuwa ziwani. Dada yangu akanipigia pasi shati. Nikamwambia nina sketi nyingi za kumaliza. Akasema, "Nitazibeba, utashona kule." Nikaenda.

Salle ilijaa. Aliyetumwa na chuo alikuwa sekretere, mtu wa mkoa mwingine, aliyeletwa Butembo kwa kazi kisha vita ikamfungia mlango wa kurudi kwao. Swahili yake ilikuwa na Lingala ndani kama mawe ndani ya mchele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye kila wiki analetewa karatasi na kundi fulani lenye bunduki, na karatasi yoyote aliitazama kama itamuuma.

Msichana wa mabuti akasimama kwanza. Alisema yeye ni wa Oicha, na wadogo wake wako kule, mwaka huu shule imefungwa na kufunguliwa hata hawajui wako darasa gani. Alisema mlango huu ukifunguliwa kwa mitaa ya Butembo, ufunguliwe na kwa Beni, na kwa Oicha. Alisema vizuri, bila kupiga kelele. Nami nikafikiri: anaongea vizuri mno, nani amemfundisha?

"Sawa," sekretere akasema. "Munasema batoto bako. Niwaone."

Akafungua daftari akasoma jina la kwanza. Lilikuwa la zamu, la binti wa pili.

Nusu ya wasichana wa salle wakasimama. Dada yangu akasimama. Binti wa mama kasiksi akasimama. Hata msichana wa Oicha, aliyekuwa amesimama tayari, akajikuta anainua mkono. Watu wakacheka.

Sekretere hakucheka. "Wa troisième," akasoma.

Wote wakakaa. Hakuna mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa mle ndani.

Akasoma jina lingine, la kijana wa kwanza. Wavulana wakainuka kama maharagwe yaliyopata mvua. "Wa première," akasoma. Wakakaa. Akaendelea hivyo ukurasa mzima, wanainuka, wanakaa, kama misa isiyo na padri. Mwisho akafunga daftari.

"Bana-étudiants, donc munaniletea mizimu? Majina bila batu? Mais kesho nikisaini, nani atakuja kuniuliza hawa ni jeshi ya nani?"

Msichana wa Oicha alimgeukia mwenzake. Yule mrefu alivua miwani akaipangusa, ule uzi ukakatika. Niliona wanavyotazamana, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba hawa hawakuwa na mtu nyuma yao kabisa. Mtu mwenye komanda nyuma yake haangaliani hivyo.

Dada yangu aligeuza shingo polepole akanitazama. Alikuwa ameelewa ni nani anayeweza kumrudisha darasa la tatu.

Nikasimama. Sketi iliyokuwa mapajani ikaanguka, na sindano ikabaki kidoleni.

"Monsieur le secrétaire, yule wa troisième... eko cinquième. Mi njo nilisema uongo."

"Ju ya nini?"

Nilitaka kujibu kitu cha maana, kitu cha mtu mwenye diploma. Kikatoka hiki: "Ju balikuya na daftari na mabuti."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha kikafa. Nyuma yangu mama kasiksi akakohoa.

"Wangu pia. Niliwaambia eko primaire. Hapana, eko sixième."

Yule mama wa mikono hewani! Kumbe ile mikono yote ilikuwa ya kusukuma uongo.

"Na wangu," akasema mzee mmoja wa upande wa mlango. "Wangu nilisema alikufa. Njo yule pale."

Kijana aliyekuwa amekufa akainamisha kichwa kwa aibu. Basi wakaanza kuinuka mmoja mmoja, yule aliyepunguza miaka, yule aliyetoa jina la shangazi, yule aliyesema hajui Swahili. Salle nzima ilikuwa imewapa wanafunzi wa chuo majina nusu. Tulifanana kama sare zangu.

Sekretere akakuna kichwa. "Sasa niamini uongo gani? Ya kwanza ao ya pili?"

Hilo lilikuwa swali zuri, lazima nikubali. Akaamua: kila mtoto alete buletini zake kabla masomo hayajaanza. Mwenye buletini ataingia, wa shule yoyote ya Butembo. Kuhusu Beni na Oicha akasema, "Tutaona." Msichana wa Oicha akaliandika neno hilo, akalipigia mstari chini.

Wengine wote buletini zao zilikuwa nyumbani, zimekunjwa ndani ya Biblia au ndani ya sanduku la nguo. Za dada yangu zilikuwa Beni.

Tuliporudi nyumbani aliniwekea chakula, akala chake peke yake. Kesho yake hivyohivyo. Aliongea nami kwa maneno ya lazima tu, "maji iko," "mutu wa sketi amefika." Siku ya tatu akasema kwa sauti tulivu: "Banafunzi baliniuliza kama yaya yangu eko bureau deux."

Bureau deux ni ofisi ya upelelezi wa jeshi. Mimi! Mtu ambaye haijui njia ya pili ya kufika sokoni! Walikuwa wameona nilivyowauliza nani kawatuma, nilivyowachunguza viatu, nilivyotoa habari za uongo, wakasema huyu fundi si fundi. Nilikasirika. Kisha nikaona kwamba kwa hesabu yangu mwenyewe walikuwa na haki.

Msichana wa Oicha alikuja peke yake. Alikataa kukaa. Akasema anakwenda kumwona mama yake, atapita Beni, na kama nikiandika barua kwa shule ataomba buletini. "Mais andika majina yote, yaya. Kwa jina nusu hawatatoa."

Ona sasa. Barua yenye majina yote matatu, jina la baba, darasa, umri wa kweli na mtaa wetu, mkononi mwa mtu nisiyemjua, njiani mwa Beni, ambako kila baada ya kilima kuna bariyeri ya basoda, yaani askari, na kila bariyeri ina bwana wake. Nilikaa na kalamu hewani. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Akasema kama mtoto hata mmoja akikosa kwa sababu ya karatasi, wakubwa watasema: tulijua watoto wa mitaa hawataki. Nilimwuliza kama ana mtu anayemfahamu bariyerini. Dada yangu, aliyekuwa mlangoni, akasema kitu kimoja tu: "Yaya."

Nikaandika. Herufi zilitoka zimepinda kama pindo la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Akaenda, na njia ikafungwa nyuma yake. Watu wakaleta habari kama kawaida, kila mmoja na yake: wamepigana kule, hapana, wamepigana huku, lori limechomwa, hapana, ni lori la mwaka jana. Nami nikarudi kwenye kazi ninayoiweza. Nilimshuku asubuhi kwamba ameuza barua. Mchana nilimshuku kwamba hakuwa wa Oicha. Jioni nilishuku kwamba amekufa, na hapo nilijishuku mimi, maana wazo hilo lilinijia pamoja na lingine, kwamba kama barua imepotea, basi dada atabaki nyumbani salama na maneno yatakwisha. Nilishona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Mwenye shati alidhani ni mtindo mpya wa Kampala.

Kila gari lililotoka upande wa Beni, dada yangu alitoka kusimama kando ya barabara. Masomo yalikuwa karibu kuanza. Alikuwa ameacha kuzungumza habari ya kakao.

Yule msichana alirudi mchana, matope mpaka kiunoni. Alifungua kikwembe, kitenge alichojifunga, akatoa mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga tumboni. Buletini zilikuwa ndani, zina joto.

"Nikupe sasa," akaniambia, "ao unataka kwanza kuniuliza nani amenituma?"

Nikamtolea kiti.

Dada yangu ndiye aliyemwuliza habari za mama yake. Akasema hakumwona. Njia ya Oicha ilikuwa imefungwa, aliishia Beni. Alingoja kule mpaka mwalimu mkuu akarudi kutoka shambani alikokimbilia, akampa buletini, akapanda gari la kwanza la kurudi ili awahi. Alisema hayo akivua buti na kumwaga maji yaliyokuwa ndani. Wadogo zake walikuwa upande ule wa njia, na neno walilopewa bado lilikuwa lile la "tutaona". Wasingya, nikamwambia, asante, nikalirudia hilo neno mpaka likakosa ladha. Alikunywa chai, akaenda kumtafuta mwenzake, maana walikuwa na mkutano mwingine wa kudai kwa ajili ya Beni. Walidai mwaka ule wote. Sikuwahi tena kumwuliza kitu.

Dada yangu akaanza. Asubuhi shule yake, mchana anashuka moja kwa moja chuoni na daftari chini ya kwapa, anarudi kiza kinaingia, anaongea peke yake juu ya kuvu na mizizi. Mama alikuwa bado Kyavinyonge. Kwa hiyo siku ya kwanza ya masomo, nilijikuta nyuma ya nyumba, nimeinama juu ya makaa, nayapuliza, machozi yananitoka kwa moshi, na ndani ya sufuria bundu langu, ugali wetu wa muhogo, limegawanyika vipande vipande kama waasi.

Mama kasiksi alikuja mpaka kwenye ua, akaegemea, akatazama sufuria, akanitazama mimi. Nilijua anataka kucheka, nikamtangulia. Nikaanza kumweleza upya kwamba ule uongo wangu ulikuwa wa mapendo, kwamba nyakati zilikuwa mbaya, kwamba mimi niliwahi kuona lori likijaa vijana, kwamba mtu mwenye dada lazima awe na macho. Niliongea vizuri, mwiko mkononi. Aliniacha nimalize kabisa. Kisha akasema, nami nayaandika maneno yake yote kama yalivyo:

"Siye bengine tuliogopa basoda. Weye fundi, uliogopa tu nani atakupikia."